Hita nzuri Arua, hasara Ariwara

Hita ya maji ikiacha kupasha moto katika nyumba ya Arua au Koboko, hatua ya kwanza huwa simu kwa fundi, na jibu la fundi mara nyingi ni moja: imekufa, nunua nyingine. Mwenye nyumba huenda dukani, mwenye duka huagiza Kampala, mzigo husafiri usiku kucha kupitia Karuma na Pakwach, na baada ya siku chache boksi jipya linafunguliwa. Wiki mbili baadaye maji ni ya uvuguvugu tena, au breka inaanguka kila mtu akioga, au tangi limeanza kudondosha matone kwa chini. Anayebeba lawama si fundi wala kiwanda kilichoko ng'ambo ya bahari. Ni mfanyabiashara aliyeuza boksi lile.

Kwa anayeuza ndani ya mji, lawama hiyo huisha kwa maneno makali na pengine punguzo la bei. Kwa anayevusha bidhaa Vurra kwenda Aru na Ariwara, au Oraba kwenda Kaya, boksi linaporudi ni mtaji uliolala: nauli mara mbili, maelezo ya forodha mara mbili, na waranti iliyoandikwa Kampala ambayo ng'ambo haina wa kuitambua. Biashara ya hita inaonekana ndogo kando ya ile ya sukari, saruji na nguo, lakini inamtaka mwuzaji ajue anachouza kuliko bidhaa nyingi za dukani. Kilo ya sukari ni kilo ya sukari pande zote za mpaka. Hita sivyo.

Umeme wa jana na umeme wa leo

West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa la Uganda. Kampuni ya WENRECo, iliyoanza kazi mwaka 2003, iliendesha mtandao wa pekee yake: jenereta za mafuta mazito mjini Arua na, kuanzia mwaka 2012, kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak karibu na Paidha, wilaya ya Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5. Uwezo huo ukigawanywa kwa shawa za umeme za kilowati 5.5 kila moja, unatosha shawa 636 zikiwashwa kwa wakati mmoja, na hapo hakuna taa hata moja iliyowaka mkoa mzima.

Katika mtandao wa namna hiyo hita nyingi zilihukumiwa kifo zikiwa hai. Sababu ni volti. Hita ya wati 3,000 iliyoundwa kwa volti 240 ikipewa volti 180 haipungukiwi robo tu kama volti zilivyopungua. Nguvu yake hushuka hadi kama wati 1,690, yaani karibu nusu, kwa kuwa nguvu ya koili hufuata mraba wa volti. Maji yaliyokuwa yakichemka kwa saa moja yanahitaji karibu saa mbili, na umeme nao hukatika kabla saa ya pili haijatimia. Mwenye nyumba anaguswa na maji ya baridi, anahesabu hita kuwa mbovu, ananunua nyingine, na ile mpya inakuja kukaa kwenye volti zilezile 180.

Mwaka 2024 mambo yalibadilika. Laini ya kilovolti 132 inayotoka Kole kupitia Gulu na Nebbi iliifikisha Arua kwenye gridi ya taifa, na Septemba mwaka huohuo bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa rasmi. Mwaka mmoja nyuma, Mei 2023, Rais Museveni alikuwa ametoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda. Loji na nyumba zilizozoea kuchemsha maji kwenye sufuria juu ya sigiri zilijikuta na makaa yanayopatikana kwa shida upande mmoja, na umeme wenye nguvu kidogo upande mwingine. Haishangazi kwamba hita imekuwa bidhaa ya kuulizwa.

Lakini gridi haiondoi tatizo la volti kila mahali. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, yenye majirani wawili wa kuchomelea vyuma na mmoja mwenye kinu, bado itapata volti pungufu saa za jioni. Kipimo cha volti ambacho fundi yeyote wa umeme anacho kinamaliza ubishi kwa dakika moja. Mteja anayetaka hita mpya aulizwe kwanza: volti zako saa moja jioni ni ngapi?

Imekufa kweli?

Hita ya tangi ina vitu vichache sana ndani. Kuna tangi lenyewe, koili inayopasha, themostati inayokata umeme maji yakifika kiwango, swichi ya usalama inayokata themostati ikishindwa, na fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Kati ya hivyo vyote, ni tangi peke yake likitoboka ndilo linaloifanya hita iwe ya kutupwa. Vingine vyote hufunguliwa kwa spana na kubadilishwa.

Swichi ya usalama ndiyo inayowaaibisha mafundi wengi. Ikishajikata, hairudi yenyewe. Ina kitufe kidogo chini ya kifuniko ambacho lazima kibonyezwe, umeme ukiwa umezimwa. Hita imeuzwa kama chakavu kwa ajili ya kitufe. Hata hivyo kitufe kikibonyezwa leo na kikajikata kesho, themostati ina walakini na ibadilishwe. Kuendelea kubonyeza ni kucheza na maji yanayochemka.

Koili nayo hupimwa kwa omu. Koili ya wati 3,000 kwa volti 240 inapaswa kusoma kama omu 19, na ya wati 1,500 kama omu 38. Ikisoma bila mwisho, imekatika. Ikionyesha njia ya umeme kati yake na mwili wa tangi, hiyo ni ya hatari na isiwashwe hata mara moja zaidi. Mfanyabiashara anayeweka koili, themostati na fimbo za magnesiamu dukani pamoja na hita atauza vitu vidogo kwa wateja waliokuja na fedha za kitu kidogo, na watarudi. Anayeuza maboksi tu anamngoja mteja mmoja kwa miaka minane.

Fimbo ya magnesiamu haina anayeijali, nayo ndiyo inayoamua umri wa tangi la chuma. Katika maji yenye chumvi nyingi huisha kwa mwaka mmoja au miwili. Ikishaisha, kutu huhamia kwenye tangi. Namna rahisi ya kujua maji ya mahali ni kuchungulia ndani ya birika la mteja. Ukoko mweupe chini ya birika ni ukoko uleule utakaoifunika koili, na koili iliyofunikwa hujipasha yenyewe mpaka ipasuke. Maji ya bomba ya Arua, yanayotoka mto Enyau, na maji ya kisima kirefu cha kijijini si maji mamoja, na hita haitadumu sawasawa kwenye yote mawili.

Waya, maji, ukuta

Tangi likiwa limetoboka kweli, basi inunuliwe nyingine. Hapo mteja huvutwa na kitu rahisi kuliko vyote: shawa ya umeme ya papo hapo, ile inayofungwa kwenye kichwa cha bomba. Ni ndogo, inabebwa kwa mfuko, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya hita ya tangi. Mfanyabiashara wa mpakani huipenda kwa sababu boda boda moja hubeba ishirini.

Tatizo la shawa hiyo ni kwamba bei yake halisi imo ukutani. Kilowati 5.5 kwa volti 240 ni kama ampea 23. Waya wa milimita za mraba 2.5, ambao ndio umelazwa kwa ajili ya soketi katika nyumba nyingi, unafika ukingoni kwa mzigo huo, na ukiwa ndani ya bomba la plastiki lililozikwa kwenye plasta ya moto unazidi ukingo. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, wa milimita za mraba 4 au 6, na breka yake. Gharama ya waya, breka na fundi inaweza kuipita ya shawa yenyewe. Mteja asiyeambiwa hayo dukani huambiwa na moshi.

Na kuna jambo zito kuliko moshi. Koili ya shawa za namna hii kwa kawaida imelala wazi ndani ya maji yanayomwangukia mtu kichwani. Kinachomlinda ni waya wa ardhi. Waya huo ukiwa haupo, au umeunganishwa na chuma kilichochomekwa sentimita 30 kwenye changarawe kavu, kosa lolote la umeme linatafuta njia ya kwenda ardhini kupitia mwili wa anayeoga. Mtu akisema bomba la bafuni linamtekenya, asiambiwe ni kawaida ya shawa. Umeme uzimwe na bomba lisiguswe mpaka waya wa ardhi ukaguliwe. Breka inayonasa uvujaji wa miliampea 30 haina bei ya kutisha, na mwuzaji wa shawa asiyeiweka kaunta moja na shawa anauza nusu ya kifaa. Nchini Uganda kazi hii ni ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Kuomba kuona kibali si utovu wa adabu.

Shida nyingine ya shawa ni maji yenyewe. Inawaka pale tu msukumo wa maji unapokibonyeza kiswichi cha ndani. Tangi la plastiki likiwa juu ya mnara mfupi, kila mita moja ya kimo hutoa msukumo wa kama bari 0.1. Shawa ikiwa mita moja tu chini ya tangi, na bomba ni jembamba lenye kona tano, msukumo hautoshi na shawa haiwaki. Inarudishwa dukani kama mbovu. Dukani inajaribiwa, inawaka. Ugomvi.

Hita ya tangi nayo inadai ukuta. Lita 50 za maji ni kilo 50, na chuma juu yake. Jumla hufika kilo 65 au zaidi zikining'inia kwenye boliti mbili. Nyumba nyingi za Arua na Koboko zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na baadhi kwa udongo badala ya saruji kati ya tofali na tofali. Plagi ya plastiki ya milimita 8 haishiki hapo. Boliti ipite ukuta mzima na kushikwa na bati upande wa pili, au hita isimame juu ya kibao cha chuma.

Loji ya vyumba 12

Wateja wakubwa wa hita katika eneo hili ni loji na nyumba za wageni. Tangu kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016, mbali na Rhino Camp, Imvepi na Lobule ya Koboko, wafanyakazi wa mashirika, madereva na wafanyabiashara wamekuwa wakilala mikoa hii kwa wingi, na mgeni wa siku hizi huuliza maji ya moto kabla ya kuuliza bei ya chumba. Kwa hiyo hesabu ya loji inafaa kufanywa polepole.

Tuseme ni loji ya vyumba 12, kila bafu lina hita ya lita 50, na kwa siku huoga watu 10. Mtu mmoja akitumia lita 25 za maji ya nyuzi 40, yaliyotoka kwenye tangi yakiwa na nyuzi 24, anatumia karibu nusu ya yuniti ya umeme. Watu 10 ni kama yuniti 4.7. Kwa bei ya, tuseme, shilingi 800 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 3,700 na ushei kwa siku. Si fedha ya kumnyima mtu usingizi.

Lakini hita 12 zikiachwa zimewashwa mchana na usiku, kila moja hupoteza joto kupitia mwili wake. Tangi la lita 50 la kawaida hupoteza kama yuniti moja kwa siku hata bila mtu kufungua bomba. Hizo ni yuniti 12, shilingi 9,600 kwa siku, karibu shilingi 288,000 kwa mwezi, za kupasha moto hewa ya bafu tupu. Mwenye loji analipa zaidi ya mara mbili na nusu kwa maji ambayo hayaogwi kuliko kwa yanayoogwa. Kisha anamwambia mwuzaji kwamba hita zake zinakula umeme.

Akizing'oa zote na kuweka shawa za papo hapo, hasara hiyo inaondoka na nyingine inaingia. Wageni sita wakiamka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi basi, shawa sita za kilowati 5.5 ni kilowati 33. Muunganisho wa fezi moja wa ampea 60 hubeba kama kilowati 14. Breka kuu inaanguka, sita wote wanabaki na sabuni machoni.

Kwa loji hiyo, hita moja ya sola ya lita 200 au 300 juu ya paa, yenye koili ya akiba ya umeme na saa ya kuiwasha alfajiri tu, ndiyo inayoingia akilini. Arua iko karibu nyuzi 3 kaskazini ya ikweta. Jua lipo, na miezi migumu ni ya mvua nzito, Agosti hadi Oktoba, ambapo koili ya akiba hufanya kazi. Kenya ilijaribu kulifanya jambo hili kuwa sheria: kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe na hita za sola. Zilizua ubishi mkubwa na wenye nyumba. Huku West Nile hakuna haja ya kanuni, bili inatosha.

Sola ina makosa yake, na yanajulikana. Mirija ya kioo inasafiri zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala, na anayeivusha mpaka ahesabu mirija miwili au mitatu ya ziada kwa kila hita. Paa lipimwe: hita ya lita 200 ikijaa huweza kufika kilo 300, na mbao za mikaratusi zilizopinda hazikuwekwa kwa mzigo huo. Kosa kubwa kuliko yote ni kimo cha tangi la maji baridi. Likiwa chini ya hita ya sola, au likikauka mchana, mirija hubaki mitupu juani na kufikia joto kali mno. Jioni maji baridi yanaporudi, kioo kinapasuka. Mteja anasema kioo ni feki. Kioo kilikuwa kizima. Tangi ndilo lilikuwa chini kwa mita moja.

Ng'ambo

Sasa boksi lilelile livushwe mpaka. Aru na Ariwara, kama Kaya, ni miji ambayo nyumba nyingi hupata umeme kwa jenereta zao au kwa paneli za sola na betri. Jenereta ya kVA 3 hutoa kama kilowati 2.4. Hita ya tangi ya kilowati 3 inaizima. Shawa ya kilowati 5.5 haina hata sababu ya kutolewa kwenye boksi.

Betri nazo zina hesabu yake. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunataka kama yuniti mbili. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 200, ikiwa mpya na imejaa, ina yuniti 2.4 kwa jumla, na haifai kunyonywa zaidi ya nusu. Mtu aliyeridhika na televisheni na taa zake za sola atamaliza betri nzima kwa ndoo mbili tatu za maji, na baada ya miezi michache atakuwa na betri iliyokufa pia. Anayemwuzia hita ya umeme mteja wa namna hiyo ameuza kitu kimoja na kuharibu viwili.

Kwa masoko ya ng'ambo, basi, bidhaa ni hita ya sola isiyotegemea umeme kabisa, au pipa la kuni lenye bomba linalozunguka ndani, ambalo mafundi wa kuchomelea wanaweza kulitengeneza papo hapo. Panapopatikana jenereta kubwa ya loji inayofanya kazi saa chache jioni, tangi lenye koili ndogo ya kilowati 1.5 linaweza kufaa, likipashwa saa hizohizo na kuhifadhi mpaka asubuhi. Mwuzaji wa Arua anayeuliza swali moja, umeme wako unatoka wapi, ameokoa safari.

Kuhusu forodha, kuna dhana moja inayowagharimu watu. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Wengi huchukulia kwamba kitu kilichonunuliwa Kampala kikiwa na risiti ya Kampala ni kitu cha Jumuiya. Sicho. Cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa mpakani kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hita iliyotoka China haibadilishi uraia kwa kulala ghalani Kampala. Upande wa Kongo itakutana na DGDA kwa ushuru na OCC kwa ukaguzi, na mwenye mzigo aende na ankara inayosomeka, yenye wati, volti na nchi ya kutengenezwa. Boksi lisilo na bamba la wati na volti likataliwe Kampala kabla halijakataliwa mpakani.

Hapo ndipo faida isiyoonekana ilipo. Matangi ya plastiki, mabomba na nyaya za umeme hutengenezwa na viwanda vya Uganda na Kenya, na bidhaa za namna hii, zikitimiza masharti ya uasili, ndizo zenye nafasi ya kupita kwa cheti hicho. Kila hita inayofungwa vizuri inahitaji waya, bomba, vali na mara nyingi tangi jipya. Mwenye mzigo uliochanganywa hivyo, aulize afisa wa forodha kila aina kwa jina lake kabla ya kupakia, si baada.

Siku ya kufunga

Makosa mawili huua hita mpya siku ya kwanza, na yote mawili yanazuilika kwa karatasi moja ya maelekezo iliyobandikwa juu ya boksi kwa lugha ambayo fundi anaisoma, iwe Kiswahili, Kilugbara, Kilingala au Kiarabu cha Juba.

La kwanza ni kuwasha umeme kabla tangi halijajaa. Koili isiyozamishwa huungua kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kwanza maji yafunguliwe, bomba la moto liachwe wazi mpaka litoe maji bila kukohoa hewa, ndipo breka ipandishwe. Hakuna waranti inayolipa koili iliyoungua kavu, na fundi wa kiwanda huitambua kwa kuitazama tu.

La pili ni kuziba vali ya usalama. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 70 huongezeka kwa kama lita moja, na panapokuwa na vali ya kuzuia maji kurudi, lita hiyo haina pa kwenda isipokuwa kudondoka kupitia vali ya usalama. Matone hayo ni dalili ya afya. Fundi asiyejua huona uvujaji, hutoa vali, huweka kizibo cha chuma, na kumwachia mwenye nyumba bomu la maji ya moto ukutani. Vali ifungiwe kibomba chembamba kinachopeleka matone nje, na mwenye nyumba aambiwe kwa mdomo kwamba yatadondoka.

Ile ya zamani ikishashushwa, umeme ukiwa umezimwa na maji yamemwagwa yote, isiachwe kwa fundi bure kama ilivyo desturi. Vali na viungo vya shaba huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, themostati nzima hufaa nyumba nyingine, na ganda la nje, likiondolewa tangi lililotoboka, hugeuzwa sigiri na mafundi wa bati. Mwuzaji anayeikata thamani hiyo kwenye bei ya hita mpya hupata na kitu kingine: tangi la zamani mkononi, likipasuliwa, linaonyesha kama kilichomuua ni chumvi, volti au fundi, na hivyo ni hita gani ya kumpa mteja huyu mara hii.